Gazeti la Walimu wa Kujitolea: Liandikwe na Nani, Lisomwe na Nani?

(Maneno haya yalisomwa kwa niaba ya kamati ya walimu wa kujitolea mbele ya mkutano wa walimu wenzao wa madarasa ya kisomo, Ukerewe. Tumeyachapa yote kama yalivyosemwa, maana twaona yatawafaa na walimu wa mahali pengine. – Mhariri)



 Twaingia katika shauri lenyewe bila kuzungukazunguka, kwa kuwa wenzetu wa Ukara wana safari ya kurudi mpaka Bugolora na kuvuka kabla ya jua kuchwa.

Mlitupa kazi ya kufikiri habari ya gazeti dogo la walimu wa kujitolea. Tumekaa, tumebishana, tumepatana katika mambo mengi, na katika mawili matatu hatukupatana hata kidogo. Yote tutawaelezeni. Hatutaki mtu atoke hapa akidhani kamati imekwisha amua, na yeye ameitwa kupiga makofi tu.

Wako wanaouliza: gazeti la nini? Mwalimu wa kujitolea hana chaki, hana posho ya maana, analo darasa chini ya mwembe. Je, anachokosa ni gazeti? Swali hili ni la haki, wala hatumkasirikii aliyeuliza. Basi sikilizeni jambo hili ambalo baadhi yenu mwalijua.

Katika mwalo mmoja wa visiwa hivi lilikuwapo darasa la watu wazima. Mwalimu wake ni kijana mwenye moyo. Alianza vizuri, wanafunzi wakaja, wanaume kwa wanawake. Baada ya miezi michache wale wenye umri mkubwa wakaanza kupungua mmoja mmoja. Wengine wakisema wana kazi, wengine wakisema vichwa vyao vimekuwa vizito. Mwalimu akadhani ni uvivu. Akawahimiza, akawafuata nyumbani, akawasihi, nao wakazidi kukimbia. Mwisho akabaki na vijana wanne, akafunga darasa. Mambo haya yalipokuwa yakitokea, upande wa pili wa maji, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi, alikuwako mama mmoja, naye ni mwalimu wa kujitolea, aliyepambana na jambo hilo hilo akalishinda. Aligundua kwamba wazee wake hawakuwa wavivu, walikuwa hawaoni. Mtu akipita miaka 40 macho huanza kukataa vitu vya karibu, tena mvuvi na mkulima hawezi kulijua hilo, kwa kuwa ziwa na shamba huviona vizuri sana. Hulijua siku anapopewa kitabu. Mama huyo akaandika herufi kubwa kama kiganja, akalihamishia darasa lake saa kumi jioni badala ya usiku wa taa, akawaambia waliokuwa na uwezo wakanunue miwani ya kusomea. Darasa lake likadumu.

Walimu hao wawili hawakujuana. Dawa ilikuwapo, mgonjwa alikuwapo, kilichokosekana ni mjumbe wa kupeleka habari kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ndiyo sababu tunataka gazeti. Twaona hiyo yatosha, lakini ziko sababu nyingine.

Ndugu walimu, sisi hapa Ukerewe hatuanzi jambo geni. Mwaka 1970 ulipotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi nzima iliamka. Kisha zikateuliwa wilaya 6 zifute kabisa ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Wilaya hizo zilikuwa Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare, Rungwe, na ya sita ni hii yetu. Wazee wetu wanakumbuka. Na kabla ya hapo, tangu 1968, mikoa hii ya ziwa ilikuwa ndiyo shamba la majaribio la kisomo chenye manufaa, mpango uliosaidiwa na UNESCO, ambao makao yake yalikuwa Mwanza. Ndani yake mkulima alifundishwa kusoma kwa kitabu kinachozungumza habari za pamba, na mvuvi kwa kitabu kinachozungumza habari za samaki. Waliofundisha hawakuwa maprofesa. Walikuwa walimu wa shule za msingi waliomaliza kazi yao ya mchana, na vijana waliomaliza darasa la saba, na makarani, na kila aliyejua akamfundisha asiyejua.

Matunda yalionekana. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 39 kwa kila 100. Mwaka 1977 wakawa 27. Mwaka 1983 wakawa 15. Mwaka 1986 walikuwa wameshuka chini ya 10. Nchi chache za Afrika ziliweza kusema hivyo.

Lakini Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kwa kila watu 100 wenye miaka 15 na zaidi, wanaojua kusoma na kuandika ni 78 tu. Maana yake 22 hawajui. Hapa yatupasa tuwe waangalifu, kwa kuwa hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa mizani moja: ile ya zamani ilitokana na mtihani, na ile ya sensa ni swali aulizwalo mtu mlangoni kwake. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba tulisonga mbele. Watoto wengi walikosa shule katika miaka ile ya shida, kabla ada haijafutwa katika shule za msingi mwaka 2001. Tena wako waliofundishwa wakajua, wakapewa na cheti, kisha wakakaa mwaka, miaka miwili, mitano, bila karatasi ya kusoma mbele yao, na ile elimu ikaota kutu kama jembe lililosahauliwa shambani. Ninyi mnawapokea watu hao katika madarasa yenu. Atawaambieni, "Mimi zamani nilijua."

Wenye kuanzisha kisomo waliliona jambo hili mapema. Ndiyo maana mwaka 1974 lilianzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma apate cha kusoma. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini mtaona kwamba gazeti lile lilikuwa la msomaji. Hili tunalolifikiri sisi ni la mwalimu kwanza, na hapa ndipo kamati ilipobishana kuliko mahali pengine popote.

Upande mmoja ulisema: tuliandike kwa ajili ya wanafunzi, maana wao ndio wengi. Upande wa pili ukasema: mwanafunzi akikosa gazeti atamwuliza mwalimu, lakini mwalimu akikosa moyo, nani atamfuata mwanafunzi? Mwisho tukapatana hivi: kurasa tatu ziwe za walimu, na ukurasa wa nne uwe wa wanafunzi, umeandikwa kwa herufi kubwa na maneno mepesi, ili mwalimu aukate na kuubandika ukutani, au kwenye mti kama hana ukuta. Kama mnaona tumekosea mgawanyo, semeni.

Tena ipo mifano ya zamani kuliko yote hii. Mwaka 1888 katika shule ya Kiungani, Unguja, lilichapwa jarida dogo la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Ndani yake waliandika walimu Waafrika waliosoma pale kisha wakatawanywa katika vituo vya misheni huku bara, kila mmoja akieleza habari za mahali alipo, wanafunzi wake, safari zake na shida zake. Fikirini jambo hilo: hapakuwa na gari wala simu ya mkononi, barua ilikwenda kwa miguu ya mtu na kwa tanga la jahazi, na walimu wale walisomana. Nasi tuna boti za injini na simu mifukoni, lakini mwalimu wa kisiwa hiki hajui aliyeko kisiwa cha pili anafundisha nini.

Sasa twaja kwenye yaliyomo.

Ukurasa wa kwanza uwe wa habari. Darasa gani limefunguliwa, darasa gani limefungwa na kwa sababu gani, wangapi wamefika hatua ya kuandika barua, mtihani uko lini, mafunzo ya walimu yako wapi. Habari ziwe fupi. Tunaomba sana ukurasa huu usijazwe picha za viongozi wakikata utepe. Kiongozi akifanya jambo la maana kwa darasa, tutaliandika hilo jambo na jina lake. Lakini kuwa amefika, ameketi, ameondoka, hiyo si habari kwa mwalimu aliyeko kisiwani.

Ukurasa wa pili ndio roho ya gazeti, nasi tutakaa hapo kidogo. Kila toleo mwalimu mmoja aeleze saa moja ya darasa lake tangu mwanzo hata mwisho. Asitueleze elimu ni ufunguo wa maisha. Hayo tumeyasikia, na wanafunzi wetu wameyasikia zaidi. Atueleze aliandika nini ubaoni, nani alijibu nini, wapi walikwama, walitokaje.

Mathalan, yuko mwenzetu anayefundisha kuzidisha kwa mizani ya samaki. Huleta karatasi ya mnunuzi wa sangara. Kilo 13 kwa bei ya shilingi 7,000 kila kilo. Wanafunzi huanza kwa kilo 10, wanapata 70,000, kisha kilo 3, wanapata 21,000, wanajumlisha, 91,000. Kisha mwalimu huwauliza: mnunuzi akikupa 81,000 akasema hesabu imekwisha, utamwambia nini? Darasa zima hucheka, maana kila mmoja anayo siku yake ya kukumbuka. Somo la namna hii halimo katika kitabu chochote tulichopewa, lakini likichapwa, mwezi ujao litafundishwa katika kila mwalo.

Au chukueni habari ya simu. Watu wengi wanaokuja kwetu siku hizi hawaji kwa sababu ya kitabu. Wanakuja kwa sababu ya ujumbe wa fedha. Mama ameuza dagaa, amelipwa kwa simu, na ili ajue amelipwa kiasi gani inambidi ampe simu mtoto wa jirani amsomee, naye mtoto akiisha kusoma amejua siri ya nyumba. Tena wako matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mwalimu mmoja aliwaandikia wanafunzi wake ujumbe wa kweli na wa uongo, ubavu kwa ubavu, akawafundisha kutazama mambo matatu: umetoka kwa nani, salio limebadilika au halikubadilika, na kwa nini unataka haraka. Hiki ni kisomo chenye manufaa kama kile cha pamba cha mwaka 1968, ila shamba limebadilika.

Iko na habari ya mwezi. Walimu wa bara huenda wakatushangaa, lakini ninyi mnajua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka wavuvi hukaa nyumbani. Kwa hiyo darasa la mwaloni linalofuata kalenda ya ofisini, Jumatatu na Jumatano, nusu ya mwezi halina watu. Mwalimu huandika "mahudhurio hafifu," na aliye mbali huamini kwamba wavuvi hawapendi elimu. Walimu wenye akili wamekwisha geuza ratiba: siku za mbalamwezi wanafundisha kila siku, siku za giza wanawafundisha akina mama wanaoanika dagaa asubuhi, au wanapumzika. Jambo hili liandikwe, tena katika toleo la kwanza, nakala moja ifike kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya ili ratiba zetu zisihesabiwe kuwa uzembe.

Ukurasa wa tatu uwe wa barua na maswali. Mwalimu ameshindwa jambo, anauliza, na wenzake wanamjibu toleo lijalo. Nifanye nini na mwanafunzi anayejua kusoma lakini kalamu inamtetemesha? Mume amemkataza mkewe kuja darasani, niingilie au ninyamaze? Wanafunzi wangu wengine ni Wakerewe, wengine Wajita, wengine Wakara, na Kiswahili cha kitabuni kinawashinda wazee. Nifafanue kwa lugha ipi? Maswali haya hayana jibu moja, na mhariri asijitie kuwa ndiye anayejua yote. Achape majibu mawili yanayopingana, wasomaji waamue.

Katika ukurasa huo huo hatuna budi kusema habari ya malalamiko. Mtu aliahidiwa posho, hakuipata. Mtu aliahidiwa vitabu, hakuviona. Je, tuchape? Hapa kamati haikupatana. Wako waliosema tusiguse, maana gazeti changa likigombana na ofisi litakufa kabla ya kuota meno. Wako waliosema, gazeti lisilothubutu kueleza kwamba mwalimu hakulipwa ni karatasi ya kufungia maandazi. Pendekezo letu ni la katikati, lakini si la woga: lalamiko lichapwe likiwa na tarehe, mahali na jina la mwenye kulalamika, baada ya ofisi inayohusika kupelekewa na kupewa majuma mawili ya kujibu. Ikijibu, jibu lichapwe kando yake. Isipojibu, tuandike kwamba haikujibu. Barua isiyo na jina isichapwe kamwe. Matusi yasichapwe.

Tunasema hivi kwa kuwa twajua historia. Sauti ya TANU, ile iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa karatasi ya kudurufiwa kama hii tunayoifikiri sisi, na mwaka 1958 mwandishi wake, Mwalimu Nyerere mwenyewe, alishtakiwa mahakamani kwa maneno aliyoandika juu ya mabwana shauri wawili, akatozwa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Zama zile zilikuwa za mkoloni, na sisi hatumshtaki mtu kwa jambo kubwa kama lile. Lakini karatasi ndogo ya kudurufu ina uzito wake, tena sheria ina macho. Kwa sababu hiyo katibu ameagizwa aulize mapema. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka magazeti yapate leseni, nasi tutapeleka barua Idara ya Habari tuonyeshwe jarida la ndani kama letu linasimama wapi. Toleo la kwanza halitatoka mpaka jibu limepatikana kwa maandishi.

Ukurasa wa nne tumekwisha usema. Twaongeza jambo moja tu: uandikwe na wanafunzi wenyewe kila inapowezekana. Mtu aliyeanza kusoma mwaka huu akiona maneno yake mwenyewe yamechapwa, hata yakiwa mistari mitatu juu ya mtumbwi wake, hatasahau kusoma tena. Lakini jina la mwanafunzi lisichapwe bila idhini yake. Wako watu wazima wenye heshima zao ambao majirani hawajui kwamba wanakuja kwetu, na siri hiyo ni yao.

Sasa, nani ataandika? Tumesikia mnong'ono kwamba walimu wa kujitolea si waandishi. Ndugu zangu, hapa ni Ukerewe. Kisiwa hiki ndicho cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa nacho bila mchapaji, akakigeuza kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, kikachapwa Dar es Salaam mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Hesabuni: miaka 35. Kuandika hakukuwa shida ya kisiwa hiki hata siku moja. Shida ilikuwa kuchapa.

Na juu ya kuchapa tunayo hesabu. Gazeti la kurasa nne ni karatasi mbili, zikichapwa pande zote. Tukitoa nakala 200 tunahitaji karatasi 400. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo rimu moja yatosha na inabaki ziada ya karatasi 100 kwa makosa na kwa nakala za akiba. Tukichapa kwa fotokopi ya dukani, na mwenye duka akatutoza shilingi 100 kwa ukurasa, nakala moja ni shilingi 400, na nakala 200 ni shilingi 80,000. Hizo ni nyingi. Tukipata shule yenye mashine ya kudurufu mitihani ikakubali kutuazima kwa siku moja, nasi tukaleta rimu na wino wetu, gharama itashuka sana. Mwenyekiti amepewa kazi ya kuzungumza na walimu wakuu. Tumeomba azungumze nao baada ya majuma ya mitihani, maana kabla ya hapo hakuna mwalimu mkuu atakayemsikiliza.

Bei tunayopendekeza ni shilingi 500. Kwa gharama ile ya dukani, nakala 160 zikinunuliwa tumerudisha fedha zetu, na nakala 40 zinaweza kwenda bure kwa madarasa yasiyo na kitu. Wako waliotaka gazeti liwe la bure lote, na fedha ziombwe kwa mfadhili. Sisi hatukatai msaada. Lakini mfadhili akiondoka, nalo huondoka. Tumeona miradi mingi iliyokuwa na gari na jenereta, na leo hata bango lake halisomeki. Shilingi 500 ni bei ya chai na andazi. Yule anayeona hata hiyo ni nzito, darasa lake zima linunue nakala moja.

Hapo hapo vijana wanatuuliza: kwa nini karatasi, na simu zipo? Twawajibu hivi. Simu tutaitumia, tena sana, kukusanya habari: mwalimu asiye na nafasi ya kuandika azungumze, karani aandike. Lakini katika sisi wako wengi wenye simu za kitochi zisizofungua picha wala makala, na wenye simu kubwa hawana chaji siku zote. Kisha katika simu ujumbe wa mwalimu huzama chini ya salamu, matangazo ya misiba na picha za maua ya asubuhi, na baada ya siku mbili hauonekani tena. Karatasi hukaa. Hubandikwa, huazimwa, husomwa na mtu ambaye hakukusudiwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, lakini kila kikundi kilikuwa na kijitabu chake mkononi. Wakubwa wa mpango ule walijua kwamba sauti hupita.

Kupeleka si shida kubwa kama inavyodhaniwa. Kila mwalo una chombo kinachokuja Nansio sokoni. Tunaomba kila darasa litupe jina la mtu mmoja anayekuja huku, awe mchuuzi, nahodha au mwenye bodaboda, naye ndiye atakayechukua kifurushi na kurudisha barua na fedha. Makala yafike siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nyumbani na vyombo vina nafasi. Gazeti litoke siku za giza zinapoanza. Yule aliyezoea tarehe za ofisini atazoea.

Juu ya mhariri, tunataka watu watatu na siyo mmoja. Mmoja wa habari, mmoja wa masomo, mmoja wa kusahihisha Kiswahili. Huyu wa tatu awe na mkono mwepesi. Asahihishe tahajia, lakini asibadili maneno ya mwalimu yakawa maneno ya ofisini. Mwalimu akiandika "walikimbia wote," isichapwe "kulikuwa na changamoto ya mahudhurio." Na mhariri yeyote asikae zaidi ya mwaka mmoja bila kuchaguliwa tena.

Limebaki jina. Tumeletewa majina mengi, na zaidi ya nusu yana neno "mwanga," "nuru" au "taa" ndani yake. Twaona giza limekwisha shambuliwa ya kutosha. Hatukuchagua, karatasi yenye majina yote imebandikwa ukutani, na mwenye jina bora zaidi aliongeze kwa kalamu iliyofungwa hapo. Jina litachaguliwa siku ya mkutano ujao.

Leo twaomba kura juu ya mambo matatu tu: mgawanyo wa kurasa, bei ya shilingi 500, na shauri lile la malalamiko kuchapwa pamoja na majibu. Juu ya hilo la tatu twawaomba mzungumze kwanza kabla ya kunyoosha mikono, maana ndilo litakalotuletea wageni. Mweka hazina yuko kwenye meza ya karibu na mlango, anapokea michango ya rimu ya kwanza na kuandika majina ya wachukuzi wa kila mwalo. Walimu wa Ukara wapige kura mwanzo, kisha waende. Chombo chao hakitawangoja.